Uzani Ukirudi Baada ya Upasuaji: Je, Kisu cha Pili Ndicho Jibu?

Upasuaji wa kupunguza uzani si jambo geni tena nchini Kenya. Baadhi ya hospitali za kibinafsi jijini Nairobi zimekuwa zikiufanya kwa miaka kadhaa, na kuna Wakenya wanaosafiri hadi India au Uturuki kuutafuta. Picha za kabla na baada husambaa haraka kwenye simu. Kinachozungumzwa kwa sauti ya chini ni yale yanayofuata miaka mitatu, mitano au kumi baadaye, pale nguo zilizopunguzwa na fundi zinapoanza kubana tena, dawa za presha zinaporudi mezani na mhusika anaanza kuikwepa mizani.

Wengi wanaofika hapo huwa na swali moja: Je, nipasuliwe tena? Swali hilo ni halali, lakini mara nyingi huja mapema mno. Linalotangulia ni kujua nini hasa kilichorudisha uzani. Upasuaji wa marudio unaweza kurekebisha tumbo lililotanuka au kiungo kilichoachia. Hauwezi kurekebisha dawa inayonenepesha, tezi ya shingo iliyolegea, msongo wa mawazo, au soda mbili kila siku.

Upasuaji wa kwanza ulifanya nini?

Upasuaji unaozungumziwa hapa si ule wa kunyonya mafuta chini ya ngozi unaotangazwa na vituo vya urembo. Kunyonya mafuta hubadilisha umbo tu, na hakutibu kisukari wala shinikizo la damu. Upasuaji wa kupunguza uzani hubadilisha tumbo lenyewe, na katika aina nyingine hubadilisha pia njia ambayo chakula hupitia kwenye utumbo.

Aina inayofanywa zaidi duniani siku hizi huitwa sliivu. Daktari huondoa zaidi ya robo tatu ya tumbo, na kinachobaki ni mrija wenye umbo la ndizi. Sehemu iliyotolewa hairudishwi kamwe. Ya pili ni baipasi, ambapo daktari hutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo, chenye nafasi ya vijiko viwili vikubwa hivi, kisha anakiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba ili chakula kiruke sehemu ya njia yake ya kawaida. Ya tatu ni bendi, pete ya silikoni inayofungwa sehemu ya juu ya tumbo na kukazwa au kulegezwa kwa maji ya chumvi kupitia kitundu kilichowekwa chini ya ngozi. Bendi ilivuma sana miaka ya nyuma lakini sasa imepungua mno, na wengi waliowekewa wameishia kuondolewa.

Inashangaza jinsi wagonjwa wengi wasivyojua walifanyiwa aina gani. "Nilipunguzwa tumbo" haimtoshi daktari wa pili. Kila aina ina mahali pake pa kuharibika, na bila kujua iliyofanywa hata picha ya eksirei husomwa kwa kubahatisha.

Uzani kurudi si ajabu, na si aibu

Mwili huchukulia kupungua uzani kama njaa. Tumbo likishakatwa, homoni ya njaa iitwayo grelini hupungua, kwa kuwa sehemu kubwa yake hutengenezwa katika upande uliotolewa. Ndiyo maana miezi ya kwanza mgonjwa hushangaa kwamba hamu ya chakula imetoweka. Kadiri muda unavyopita, hamu hurudi kwa kiasi fulani, mwili hujifunza kutumia nguvu kidogo, na tumbo huzoea kupokea zaidi ya ilivyokuwa mwanzoni. Uzani wa chini kabisa kwa kawaida hufikiwa kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, kisha unapanda kidogo kwa watu wengi.

Utafiti mkubwa wa Uswidi, ulioanza kusajili watu mwaka wa 1987, ulifuatilia zaidi ya wagonjwa 2,000 waliopasuliwa. Waliofanyiwa baipasi walikuwa wamepoteza wastani wa asilimia 32 ya uzani wao katika mwaka wa kwanza au wa pili. Baada ya miaka 10 walikuwa asilimia 25 chini ya walipoanzia. Waliowekewa bendi walitoka asilimia 20 hadi 14. Pamoja na kurudi huko, kundi lililopasuliwa lilikuwa na vifo vichache kuliko kundi lililopata matibabu ya kawaida. Kwa hivyo kilo kadhaa zilizorudi hazimaanishi kwamba upasuaji umeanguka.

Hesabu husaidia kuona mambo kwa utulivu. Chukua mfano wa mama aliyekuwa na kilo 130, akashuka hadi 85, na sasa ana 102. Alipoteza kilo 45 na amerudisha 17, yaani asilimia 38 ya alizopoteza. Akitazama hilo peke yake atalia. Lakini bado yuko kilo 28 chini ya alipoanza, takriban asilimia 22 ya uzani wake wa awali. Iwapo sukari yake imetulia na magoti hayamsumbui, mazungumzo yake na daktari yatakuwa tofauti kabisa na ya mwenzake mwenye kilo zile zile ambaye amerudi kwenye insulini. Hakuna kiwango kimoja kilichokubaliwa na wataalamu wote kwamba hapa ndipo uzani umerudi kupita kiasi. Afya ya mtu ndiyo huamua, kuliko namba ya mizani.

Aibu, hata hivyo, hufanya madhara yake mapema. Mtu aliyelipiwa upasuaji na ndugu, au aliyeuza kipande cha shamba, huona heri ajifiche kuliko kurudi kliniki akiwa amenenepa. Mwaka mmoja wa kujificha unaweza kugeuza kilo 6 kuwa 20. Pia humwacha bila vipimo vya damu ambavyo alipaswa kufanyiwa hata kama asingeongeza kilo moja. Mhudumu wa afya anayempokea mgonjwa wa aina hii kwa maneno kama "Mama, si ulipasuliwa wewe?" anafunga mlango ambao huenda usifunguke tena.

Kutafuta chanzo

Hatua ya kwanza haihitaji mashine. Ni karatasi: ripoti ya upasuaji iliyoandikwa na daktari siku ile. Mgonjwa ana haki ya kuomba nakala ya kumbukumbu zake. Aliyepasuliwa ng'ambo aiombe hospitali ile kwa baruapepe, na asisubiri siku ya dharura ndipo aanze kutafuta.

Hatua ya pili ni historia ya chakula iliyosemwa bila kufichana. Tumbo dogo huzuia sahani ya ugali na nyama, kwa sababu chakula kigumu hukaa na kushibisha. Halizuii vitu laini vinavyoteleza. Biskuti, keki, krips za viazi, aiskrimu, uji uliojaa sukari na juisi ya maembe hupita bila mtu kuhisi ameshiba. Mtu huyo ataapa kwamba anakula kidogo, na kwa kweli kila mara anakula kidogo, ila anakula mara kumi na tano kwa siku. Soda moja ya nusu lita ina zaidi ya vijiko kumi vya chai vya sukari. Na mgeni katika nyumba ya Pwani anaambiwa, "Shangazi, onja hata kidogo," na kila anayeandaa ana kidogo chake.

Hatua ya tatu ni orodha ya dawa zote, pamoja na za kienyeji na zile za duka la dawa la mtaani. Insulini, glibenklamaidi ya kisukari, vidonge vya prednisolone, baadhi ya dawa za kifafa na za magonjwa ya akili, amitriptyline, na kwa baadhi ya wanawake sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu, zote zinaweza kuongeza uzani. Hakuna anayepaswa kuziacha kwa uamuzi wake mwenyewe, kwani kifafa au kisukari kilichoachiliwa huua haraka kuliko unene. Mara nyingi kuna dawa mbadala, na daktari anaweza kubadilisha ikiwa ameambiwa tatizo.

Kisha vipimo. Damu hupimwa wingi wake, madini ya chuma, vitamini B12 na D, kalisi, sukari ya miezi mitatu na tezi ya shingo. Tumbo lenyewe huchunguzwa kwa njia mbili zinazokamilishana. Kamera inayopitishwa mdomoni huonyesha vidonda, upana wa kiungo cha baipasi na hali ya umio. Picha ya eksirei ya mgonjwa akimeza dawa nyeupe ya bariamu huonyesha umbo la tumbo na jinsi chakula kinavyoshuka. Hapo ndipo hujulikana kama sliivu imetanuka, kama pete ya bendi imeteleza, au kama kifuko cha baipasi kimetoboka na kuungana tena na tumbo la zamani, hali ambayo hukifanya chakula kirudie njia yake ya awali.

Usingizi na hali ya moyo ni vya kuulizwa pia. Anayekoroma na kuamka amechoka huenda bado anakosa pumzi usingizini. Aliyekuwa akila ili kutuliza huzuni kabla ya kupasuliwa hakutolewa huzuni pamoja na tumbo. Wengine hubadilisha chakula kwa pombe, na baada ya baipasi pombe huingia kwenye damu kwa kasi zaidi, glasi moja ikafanya kazi ya mbili.

Kabla ya kurudi kwenye meza ya upasuaji

Ikiwa tumbo liko sawa, mtaalamu wa lishe ndiye anayefaa kuonwa kwanza. Ushauri wake kwa kawaida si mgumu kuuelewa: protini ianze kuliwa katika kila mlo, iwe samaki, mayai, kuku, maharagwe, ndengu au kunde, mboga zifuate, ugali, wali au chapati viwe vya mwisho, kama nafasi ipo. Maji yanywewe kati ya milo na si wakati wa kula, kwa sababu kusukuma chakula kwa maji hufungua nafasi ya chakula kingine. Vitamini ziendelee maisha yote. Anayefunga Ramadhani aonane na daktari wake mapema, hasa kama anatumia dawa za kisukari. Futari ya kaimati, tambi na sharubati kwenye tumbo dogo lililokaa tupu siku nzima huweza kuleta jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio na kizunguzungu.

Dawa za kupunguza uzani zimebadilisha mazungumzo haya. Katika utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka wa 2023, watu 70 ambao upasuaji haukuwapunguza vya kutosha waligawanywa, wengine wakapewa sindano ya liraglutide kila siku na wengine sindano isiyo na dawa. Baada ya wiki 24, waliopewa dawa walikuwa wamepungua karibu asilimia 9, na wenzao chini ya asilimia 1. Ni utafiti mdogo na wa muda mfupi, lakini unaonyesha kwamba kisu si njia pekee iliyobaki. Semaglutide na tirzepatide hufanya kazi kwa namna inayokaribiana. Ni dawa ghali, huleta kichefuchefu kwa wengi, na zikiachwa uzani huelekea kurudi.

Ni vyema kuongeza onyo. Mnamo Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia, ambayo ni jina la biashara la semaglutide, iliyonaswa katika nchi tatu. Sindano inayouzwa kupitia ujumbe wa simu, bila cheti cha daktari na bila barafu ya kuihifadhi, si ya kuguswa hata ikiwa nusu bei. Maduka ya dawa halali yamesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu.

Pale ambapo upasuaji wa marudio una maana

Kuna watu ambao kwao ndio uamuzi sahihi. Wa kwanza ni wale walio na hitilafu inayoonekana kwenye picha: bendi iliyoteleza au kuukwaruza ukuta wa tumbo hadi kuingia ndani, tundu kati ya kifuko na tumbo la zamani, mrija uliopinda au kujibana. Wa pili ni wale wa sliivu wanaoteswa na kiungulia kikali. Utafiti wa Ufini uliofuatilia wagonjwa kwa miaka 10 ulikuta umio uliochubuka kwa asilimia 31 ya waliofanyiwa sliivu, ikilinganishwa na asilimia 7 ya waliofanyiwa baipasi. Kwa mtu kama huyo, kugeuza sliivu kuwa baipasi humaliza matatizo mawili kwa mara moja. Wa tatu ni wale ambao kisukari au ugonjwa mwingine mzito umerudi pamoja na uzani, wamejaribu lishe na dawa chini ya uangalizi, na bado hali haijabadilika.

Kwa aliyefanyiwa baipasi na kiungo chake kimepanuka, kuna hospitali duniani zinazokibana kwa nyuzi kupitia kamera ya mdomoni, bila kupasua tumbo. Kurefusha sehemu ya utumbo inayorukwa ni njia nyingine, lakini hubeba hatari kubwa ya utapiamlo, na haimfai mtu ambaye tayari hahudhurii kliniki wala kumeza vitamini.

Hatari za mara ya pili ni kubwa kuliko za kwanza, na hili lisemwe waziwazi. Upasuaji wa awali huacha makovu yanayogandisha viungo pamoja. Damu haifiki vizuri kama mwanzo. Uwezekano wa mshono kuvuja, kutokwa damu, maambukizi na njia kujibana huongezeka, na huenda mgonjwa akalazwa muda mrefu zaidi. Kwa upande wa faida, kilo zinazopotea baada ya upasuaji wa pili kwa kawaida ni chache kuliko za wa kwanza. Anayetarajia kurudia muujiza wa mara ya kwanza ataumia moyo hata kama daktari amefanya kazi safi.

Kwa sababu hiyo, daktari anayekubali kupasua tena katika ziara ya kwanza, bila kamera, bila damu na bila mtaalamu wa lishe, ni wa kuogopwa. Mgonjwa aulize: Chanzo cha uzani kurudi ni kipi na kimeonekana kwenye kipimo gani? Umefanya marudio ya aina hii mara ngapi? Mshono ukivuja usiku wa manane, nani ataitwa, na chumba cha wagonjwa mahututi kiko wapi? Ni nani atakayenifuatilia miaka mitano ijayo? Usajili wa daktari na leseni ya kituo vinaweza kuthibitishwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Anayepanga kusafiri ng'ambo aongeze swali moja: baada ya kurejea nyumbani, ni daktari gani wa hapa amekubali kumpokea? Matatizo mengi hujitokeza mgonjwa akiwa ameshapanda ndege.

Malipo yajadiliwe kwa maandishi kabla ya tarehe kupangwa. Bima za kibinafsi hutofautiana, na nyingine hutenga matibabu ya unene kabisa. Wanachama wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, waulize hospitali ni huduma zipi hasa zinazolipiwa na zipi watagharamia wenyewe. Bei inayotajwa mwanzoni mara nyingi haihesabu vipimo, vitamini za maisha yote wala siku za ziada hospitalini. Familia inayofikiria kuuza ploti ifanye hesabu ikiwa na namba zote mezani.

Mambo yanayohitaji hospitali siku hiyo hiyo

Aliyewahi kupasuliwa, awe ameongeza uzani au la, asivumilie nyumbani maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, kinyesi cheusi kama lami, homa pamoja na moyo kwenda mbio, au kushindwa kumeza hata maji. Aliyefanyiwa baipasi akae mbali na ibuprofen na diclofenac, ambazo huuzwa madukani bila maswali kwa maumivu ya mgongo na magoti, kwa kuwa huchimba vidonda kwenye kiungo. Sigara hufanya vivyo hivyo. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa huelezwa asubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu baada ya upasuaji kabla ya kushika mimba, na kwamba vidonge vya kupanga uzazi huenda visinyonywe vizuri baada ya baipasi.

Kutapika kwa siku kadhaa kuna hatari yake ya pekee. Vitamini B1 huisha mwilini upesi, na dalili zake ni kuona vitu viwili viwili, kuyumba wakati wa kutembea na kuchanganyikiwa, ambazo watu huzidhania kuwa ulevi au malaria. Akipewa dripu ya glukosi kabla ya vitamini hiyo, ubongo unaweza kudhurika kabisa. Mgonjwa mwenyewe, au aliyemsindikiza, amwambie muuguzi wa mapokezi kabla ya sindano yoyote kwamba alishapasuliwa tumbo kupunguza uzani, ataje aina na mwaka, na aombe vitamini B1 itangulie.